Kijiji cha Komoro hakihamii mjini, kinavuka bahari

Tukizungumzia vijiji vya Afrika, mawazo yetu hukimbilia hadithi moja: vijana wanafunga virago, wanapanda basi, wanaingia mjini, na nyuma wanabaki wazee na mashamba yaliyoota magugu. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zimekua kwa njia hiyo, na ndiyo maana wapangaji wetu wamezoea kupima hali ya kijiji kwa kuhesabu wanaokimbilia mjini. Komoro, jirani yetu wa visiwani kusini-mashariki, haiingii katika hadithi hiyo. Sensa yao ya 1980 ilihesabu watu wapatao 335,000, na zaidi ya robo tatu waliishi vijijini. Sensa ya 2017 ilihesabu watu 758,316, na bado takriban saba katika kila kumi walikuwa wa vijijini. Idadi ya watu imezidi maradufu, lakini mizani kati ya mji na kijiji imesogea kidogo tu. Anayezisoma takwimu hizi harakaharaka atasema Komoro imefaulu pale tuliposhindwa sisi, kwamba imewafanya watu wake waridhike na kijiji. Mimi naona kinyume chake. Watu wanavihama vijiji vya Komoro kwa wingi, ila hawaendi Moroni, wanavuka bahari. Vipimo vyetu vinaishia ufukweni, kwa hiyo hatuwaoni, na sera zinazotungwa kwa ajili yao zinakosea tangu hatua ya kwanza.

Tuanze na swali la kwa nini mji hauwavuti. Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote na chenye makao makuu ya nchi, Moroni, kina urefu wa kilomita zipatazo 60. Vijiji vyake vingi vimejipanga kandokando ya barabara ya pwani. Karani wa wizara au mfanyabiashara wa soko la Volo Volo anaweza kulala kwao, asubuhi akapanda teksi ya kuchangia na wenzake, na jioni akarudi kula chakula chake nyumbani. Hana sababu ya kulipa kodi ya chumba mjini. Asiye na kazi naye haoni la kumpeleka huko, maana Moroni haina viwanda vya kumwajiri, na ajira ya serikali ni finyu, tena mishahara imekuwa ikichelewa mara nyingi katika historia ya taifa hilo. Mutsamudu katika kisiwa cha Nzuani na Fomboni katika Mwali ni miji midogo zaidi. Katika nchi kubwa, mji ni mahali pa kubahatisha maisha mapya. Katika nchi ya visiwa vidogo, mji uko karibu mno na kijiji na umaskini wake unafanana mno na wa kijiji, kwa hiyo anayetaka kubahatisha huangalia mbali zaidi.

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya heshima. Ngazija, hadhi ya mwanamume haipatikani mjini. Hupatikana katika kijiji alikozaliwa, kwa kutimiza anda, ile ndoa kubwa ya kimila yenye karamu za siku nyingi, dhahabu za bibi harusi, ng'ombe wa kuchinjwa na michango kwa watu wa rika lake. Aliyeitimiza huhesabiwa mtu mzima: ana nafasi yake barazani, na neno lake husikilizwa mambo ya kijiji yanapoamuliwa. Asiyeitimiza, hata awe daktari au waziri, hubaki mdogo mbele ya watu wa kwao. Nyumba nazo, kwa mfumo wa manyahuli unaopitisha mali upande wa mama, ni za wanawake. Binti hujengewa kwao na mume huhamia kwake. Kwa mpangilio huo kijiji hakiwezi kutupwa. Mtu anaweza kukaa Marseille miaka 30 na bado akahesabiwa kijijini, akachangia msikiti wa kijiji, akajenga nyumba ya binti yake hapo, na akapanga kuzikwa hapo. Takwimu za Komoro zinapoonyesha kijiji kilichotulia, sehemu ya kinachoonekana ni kamba hii ndefu inayomfunga aliyeondoka na kwao.

Kuondoka kwenyewe si jambo la jana. Zanzibar imekuwa na jamii ya Wangazija kwa vizazi vingi, waliojulikana kwa elimu ya dini na kwa kazi za ofisi, hadi wengi walipoondoka baada ya mapinduzi ya 1964. Mahajanga, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, iliwapokea maelfu kwa maelfu, mpaka mauaji ya Desemba 1976 yalipowakumba. Walionusurika, zaidi ya 15,000, walirudishwa, wengi kwa ndege za shirika la Sabena, na hadi leo watu hao huitwa Wasabena. Milango hiyo miwili ilipofungwa, ule wa Ufaransa ukabaki, na Marseille, kwa makadirio mengi, sasa ina Wakomoro wengi kuliko Mutsamudu, mji wa pili wa Komoro yenyewe. Ndege ya Yemenia iliyoanguka baharini karibu na Ngazija tarehe 30 Juni 2009 ilikuwa na watu 153, akanusurika msichana mmoja. Abiria wengi walikuwa familia zilizotoka Ufaransa kwenda kupumzika na kuhudhuria harusi za majira ya kiangazi. Vijiji vingi vya Ngazija viliingia msibani kwa siku moja, na hapo ndipo dunia ilipoona sehemu kubwa ya kijiji cha Kikomoro inaishi wapi.

Ngazija, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko Nzuani, na ndiyo nusu inayouma zaidi. Kisiwa hicho kina ukubwa wa kilomita za mraba 424, chote milima na mabonde, na sensa ya 2017 ilikuta humo watu 327,382. Ni zaidi ya watu 700 kwa kila kilomita ya mraba, katika nchi ambayo wengi wanategemea jembe. Tatizo halikuanza na wingi wa watu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni za kikoloni, hasa kampuni ya Bambao, zilijitwalia ardhi nzuri za mabondeni kwa ajili ya mazao ya kuuza nje. Wakulima wakasukumwa juu kwenye miteremko na kwenye nyanda kame kama Nyumakele, kusini-mashariki mwa kisiwa. Uhuru ulikuja mwaka 1975, lakini mgawanyo wa ardhi haukurekebishwa kwa namna ya kumpa mkulima wa mteremkoni uhakika wa kipande anachokilima. Asiye na hakika na ardhi hapandi mti utakaomfaa baada ya miaka kumi. Hulima anachoweza kuvuna msimu huu, mihogo na ndizi, na kila mvua kubwa huondoka na sehemu ya udongo wake.

Zao la langilangi linaonyesha jinsi mambo yanavyofungamana. Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta yake, yanayotumiwa na viwanda vya manukato, hasa vya Ufaransa. Maua huchumwa alfajiri, mara nyingi na wanawake, kabla jua halijapunguza harufu. Hushindiliwa katika pipa la mtambo, kuni zikawashwa chini, na mvuke hupita katika bomba linalopozwa kwa maji hadi mafuta yajitenge. Moto huwaka saa nyingi, wakati mwingine usiku kucha. Kilo moja ya mafuta hutaka kilo zipatazo 50 za maua na mamia ya kilo za kuni, na kuni hizo hutoka katika msitu uleule unaohifadhi maji ya kisiwa. Katikati ya karne iliyopita Nzuani ilikuwa na mito zaidi ya 40 iliyotiririka mwaka mzima. Leo iliyobaki ni kama kumi hivi. Mto ukikauka, mwanamke huamka mapema zaidi kutafuta maji, bustani ya mboga hufa, na kijana aliyekuwa na nia ya kulima hukosa cha kumzuia. Mchumaji hulipwa kidogo kwa kilo ya maua, bei hupangwa mbali, na gharama ya msitu hailipwi na mnunuzi wala haiandikwi popote.

Kijana wa Nzuani huona Maore ng'ambo ya maji, umbali wa kilomita zipatazo 70. Kisiwa hicho cha nne kilibaki chini ya Ufaransa wenzake walipojitawala, na tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa, jambo ambalo Komoro na Umoja wa Afrika hawalikubali. Kabla ya Januari 1995 watu wa visiwa hivi walikwenda na kurudi bila viza: kuuza mazao, kutibiwa, kuoana. Viza ilipowekwa, safari haikukoma, ila ilihamia katika mashua ndogo ziitwazo kwasakwasa, zinazobeba watu kupita uwezo wake na kuondoka usiku. Ripoti ya Baraza la Seneti la Ufaransa ilikadiria kwamba kati ya 1995 na 2012 watu 7,000 hadi 10,000 walikufa katika mkondo huo. Wanaofika ni wengi zaidi. Sensa ya Maore ya 2017 ilihesabu watu 256,518, karibu nusu yao raia wa kigeni, na wengi mno kati ya hao ni Wakomoro. Idadi yao inazidi mara mbili ya watu wote wa kisiwa cha Mwali. Mwaka 2022 watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa Maore, wengi wao kwa akina mama kutoka Komoro. Mama mjamzito anayepanda kwasakwasa ameshapima hatari ya bahari na hatari ya kujifungulia kijijini pasipo huduma. Kimbunga Chido kilipoipiga Maore tarehe 14 Desemba 2024 na kufagia makazi ya mabati vilimani, ni vijiji vya Nzuani vilivyokaa vikisubiri simu ambazo nyingine hazikupigwa.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Watu hao zaidi ya laki moja wa Maore, pamoja na jamaa zao wa Marseille, Paris na La Réunion, ndio uhamaji wa vijijini wa Komoro. Wangekuwa wamehamia Moroni, jedwali la sensa lingepiga kelele, na wizara zingeitisha vikao kuhusu kuporomoka kwa kijiji. Kwa kuwa wamevuka mpaka, wanaandikwa katika daftari jingine, lile la uhamiaji na ulinzi, na kijiji walichotoka kinaonekana kimetulia. Matokeo yake ni sera zenye upande mmoja. Julai 2019 Ufaransa na Komoro zilitia saini makubaliano ya euro milioni 150 kwa miaka mitatu; fedha za maendeleo ziliambatana na sharti la Komoro kushirikiana katika kuzuia safari za mashua na kupokea wanaorudishwa. Aprili 2023 Ufaransa ikaanza operesheni kubwa ya kubomoa makazi na kufukuza watu Maore. Wanaofukuzwa hushushwa bandarini Mutsamudu, na wengi hujaribu tena, kwa sababu mteremko wa Nyumakele ni uleule waliouacha. Mwenye kutaka kupunguza safari hizo lazima aanzie shambani na kisimani, mahali safari inapoanzia.

Najua majibu yatakayotolewa, na la kwanza ni zito. Watasema: mbona kuondoka kumeviinua vijiji hivyohivyo? Fedha zinazotumwa kutoka ng'ambo zimefikia takriban moja ya tano ya pato la taifa. Vyama vya wanakijiji walioko Ufaransa vimejenga shule, zahanati, barabara na misikiti ambayo serikali isingeijenga kwa miaka mingi. Ni kweli, na ukarimu huo unastahili heshima. Lakini tazama fedha hizo zinakwenda wapi na zinabakiza nini. Zinakwenda zaidi Ngazija, maana huko ndiko walikotoka Wakomoro wengi wa Ufaransa, na kidogo zaidi Nzuani, kwenye dhiki kubwa kuliko zote. Zinakwenda kwenye mchele wa kutoka nje, kwenye anda, na kwenye nyumba. Katika vijiji vya Ngazija utaona nyumba za matofali zenye ghorofa ya chini iliyokwisha, nondo zimechomoza juu zikingoja ghorofa ya pili, na milango imefungwa hadi mwenyewe aje mwezi wa Julai. Nyumba hizo zimetoa kazi kwa mafundi na heshima kwa familia, lakini hazimwajiri kijana siku mwashi anapoondoka. Kijiji kinachoishi kwa fedha za waliokwenda humfundisha kila mtoto kwamba njia ya kukisaidia ni kwenda pia.

Jibu la pili ni la wingi wa watu. Wapo wanaosema Komoro ina watoto wengi kupita uwezo wa ardhi yake, kwa hiyo kila mpango wa kijiji utamezwa na uzazi. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta wastani wa watoto 4.3 kwa mwanamke, na vijijini idadi ilikuwa juu zaidi ya mijini. Sikatai kwamba huduma za uzazi wa mpango zinapaswa kumfikia kila mwanamke anayezitaka. Lakini tuangalie jirani mwingine wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1961 mchumi James Meade, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, aliandika ripoti yenye hofu kubwa juu ya Morisi: watu wengi, miwa peke yake, ardhi kidogo. Kisiwa kikuu cha Morisi kina kilomita za mraba 1,865, karibu sawa kabisa na visiwa vitatu vya Komoro vikijumlishwa, na leo kina watu zaidi ya 600 kwa kila kilomita ya mraba, wengi kuliko wastani wa Komoro. Hofu ya Meade haikutimia. Uzazi ulishuka haraka katika miaka ya 1960 na 1970, shule za wasichana zikapanuka, na viwanda vya nguo vilivyoanza kushamiri baada ya 1970 vikasambaa kisiwani hadi vijijini, vikiajiri wanawake wengi. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Kilichoongezeka ni njia za kuishi bila kuitegemea yote. Uzazi nao ulishuka wasichana walipopata shule na mishahara, kwa hiyo kulipeleka hilo kijijini ni sehemu ya dawa, na kulisubiri kwanza ni kuchelewesha tiba.

Morisi inajibu pia pingamizi la tatu, lile la wachumi wanaosema nchi maskini haiwezi kupeleka huduma kila kijiji, afadhali iwakusanye watu katika miji mitatu iliyopangwa vizuri. Hoja hiyo ina nguvu katika nchi yenye kijiji kimoja kila kilomita 40 za pori. Kwenye kisiwa ambacho kijiji kinatazamana na kingine, haina nguvu hiyo. Takriban watu sita katika kila kumi wa Morisi bado huhesabiwa wakazi wa vijijini, ingawa wachache tu kati yao ni wakulima. Wanaishi kijijini na kufanya kazi kiwandani, hotelini au ofisini, kwa kuwa basi linapita. Tangu 2005 wanafunzi na wazee husafiri kwa basi bila kulipa nauli. Udogo wa kisiwa, unaolalamikiwa kila siku kama mkosi, hapa ni faida. Kituo kimoja cha afya chenye mkunga, umeme wa uhakika na gari la wagonjwa kinaweza kuhudumia vijiji kumi. Chuo kimoja cha ufundi kinaweza kupokea vijana wa tarafa nzima wanaorudi kulala kwao. Kuwakusanya watu Moroni kungegharimu nyumba, mabomba na mitaa mipya, na kungevunja mpangilio wa kijamii ambao, pamoja na kasoro zake, ndio unaowafanya Wakomoro wa ng'ambo wakumbuke kwao.

Lipo na pingamizi la nne, linalotoka kwa Wakomoro wenyewe, hasa vijana wasomi: kwamba anda ndiyo inayofilisi nchi, na pasipo kuivunja hakuna fedha itakayofika kwenye uzalishaji. Naielewa hasira hiyo. Mtu anayetumia akiba ya miaka 20 kwa karamu za wiki chache huku kijiji kikinywa maji ya mvua yaliyotuama ana swali la kujibu. Lakini mila inayoweza kumlazimisha mtu aliyeko Marseille atimize wajibu wake kijijini ni nguvu ambayo serikali nyingi zingeitamani. Ni busara zaidi kuielekeza kuliko kuipiga marufuku. Tayari sehemu ya fedha za anda huingia katika mfuko wa kijiji na kujenga vitu vya wote. Serikali inaweza kuahidi kwamba kila faranga ambayo kijiji kitaweka katika maji, mashine za kukaushia na kuhifadhi mazao, au mashua za uvuvi, hazina itaiongezea nyingine. Mexico iliendesha mpango wa namna hiyo kwa miaka mingi kuanzia 2002: mchango mmoja wa vyama vya wahamiaji uliongezewa mitatu, wa serikali kuu, wa jimbo na wa wilaya. Komoro haina uwezo wa kuongeza mara tatu, lakini hata kuongeza mara moja kungetosha kuonyesha kijiji nini kinathaminiwa.

Basi nini kifanyike? La kwanza ni kuhesabu kwa haki. Sensa ijayo iulize kila kaya ni nani wameondoka katika miaka kumi, wamekwenda kisiwa gani au nchi gani, na walikuwa wakifanya kazi gani. Majibu yatangazwe kijiji kwa kijiji, ili Nyumakele isifichwe ndani ya wastani wa taifa. La pili ni ardhi. Mkulima wa Nzuani anayejenga matuta na kupanda miti apewe hati ya matumizi ambayo hakuna atakayeiondoa, na ardhi zilizokuwa za kampuni zipatiwe ufumbuzi wa kisheria badala ya kuachwa katika ugomvi wa miaka nenda miaka rudi. Kule Ngazija uandikishaji lazima uheshimu manyahuli, maana hati zikiandikwa kwa majina ya waume, wanawake watapoteza kwa kalamu kile ambacho mila imewalindia kwa karne nyingi.

La tatu ni maji na kuni, ambayo Nzuani ni jambo moja. Ipo mitambo ya langilangi inayotumia kuni kidogo zaidi, na wanunuzi wa mafuta wanapaswa kuchangia gharama yake, kwa kuwa faida kubwa ni yao. Shirika la Dahari, lenye makao Nzuani, limeonyesha kwa miaka kadhaa kwamba wakulima hulinda vyanzo vya maji na kupanda miti wanaposhirikishwa na wanapoona faida shambani mwao. Kazi hiyo inafaa kuwa sera ya taifa. Ngazija haina mito, kwa sababu mvua huzama katika mawe ya volkano, na vijiji vingi hutegemea matangi ya mvua. Mlima Karthala ulipolipuka mwaka 2005, majivu yalichafua matangi ya makumi ya maelfu ya watu. Visima virefu na matangi yaliyofunikwa vizuri ni ulinzi wa kijiji kwa maana halisi. La nne ni bahari yenyewe. Mwali, yenye watu 51,567 tu, mito na ardhi nzuri, hupokea wakulima kutoka Nzuani tangu zamani, lakini mazao yake huozea bandarini kwa kukosa meli salama na za kawaida. Nchi ya visiwa isiyo na usafiri wa uhakika wa baharini ni sawa na nchi ya bara isiyo na barabara.

Msomaji wa Tanzania au Kenya anaweza kuona haya yote ni ya jirani. Aitazame Pemba. Sensa ya 2022 ilikuta huko watu 543,441, huku Unguja ikiwa na zaidi ya milioni 1.3, na Wapemba wenye maduka Tanga, Dar es Salaam na Mombasa hawahitaji kuelezwa kwa nini waliondoka. Wao walivuka maji bila kuvuka mpaka mgumu, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yao na watu wa Nzuani. Tuna deni pia la ujirani. Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania walikuwa mstari wa mbele katika kikosi cha Umoja wa Afrika kilichotua Nzuani na kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, baada ya miaka ya mgogoro ulioanza 1997, wakati kisiwa hicho kilipojitenga na baadhi ya viongozi wake wakaomba hata kurudi chini ya Ufaransa. Kilio kile kilikuwa cha siasa, lakini nguvu yake ilitoka kwa watu waliochoka kuishi juu ya ardhi isiyowalisha. Tulipeleka askari kuirudisha Nzuani katika muungano wake. Hatujapeleka kwa bidii ileile wataalamu wa karafuu, meli za mizigo, wala nafasi za mafunzo ya ukunga kwa vijana wanaozungumza lugha iliyo ndugu wa lugha yetu.

Komoro imebakiza kitu ambacho nchi nyingi zimekipoteza: watu ambao, hata wakiwa mbali, bado wanataka kijiji chao kiwepo. Hazina hiyo itadumu kizazi kimoja au viwili zaidi. Mjukuu aliyezaliwa Marseille, asiyejua njia ya shamba la bibi yake, hatatuma fedha kama babu yake alivyotuma, na kijiji kilichozoea kulishwa kutoka ng'ambo hakitakuwa na chakula cha kwake. Serikali ya Komoro, Ufaransa inayolalamikia mashua, na sisi majirani tuache kujipongeza kwa asilimia inayoonyesha kwamba watu saba katika kumi wako vijijini. Swali la kuulizwa kila mwaka, kijiji kwa kijiji, ni hili: kijana wa miaka 20 anayetaka kubaki, je, ana ardhi, maji na kazi ya kumwezesha kubaki? Pale ambapo jibu ni hapana, hapo ndipo bajeti ianze.